Maswali Yenu: Bibi Kazaliwa Paris, Ramani Inasema Bahari ya Hindi

Swali: Habari za kazi. Nina wiki mbili naingiza mti wa ukoo kwenye programu, majina na tarehe vimekaa vizuri, tatizo ni ramani. Bibi mzaa baba kazaliwa Paris, nimeweka namba zake lakini pini imedondoka baharini upande wa Somalia. Mdogo wake alifia New York, nikienda kumwangalia namkuta Kyrgyzstan, nchi ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kukanyaga. Nimefuta na kurudia mara tatu. Programu mbovu au mimi ndo mbovu?

Jibu: Pole dada, programu haina shida na we mwenyewe umekosea kidogo tu, tena ni makosa mawili tofauti.

Tuanze na bibi. Paris iko latitudo 48.8566 na longitudo 2.3522. Latitudo ndo ile ya kupanda na kushuka, inakwambia uko juu au chini ya ikweta kiasi gani, na longitudo inakwambia uko mashariki au magharibi ya mstari wa Greenwich. We umezigeuza, umeweka 2.3522 kwenye kisanduku cha kwanza na 48.8566 kwenye cha pili, na hiyo sehemu ipo kweli duniani, ni Bahari ya Hindi mashariki ya Mogadishu, programu imefanya ulichoiambia. Najua umezitoa wapi pia: utakuwa umezikopi kutoka kwenye faili la ramani, maana mafaili ya KML na GeoJSON yanaanza na longitudo, wakati ukiklik kwenye Google Maps unapewa latitudo kwanza. Watu wa ramani wameshindwa kukubaliana hili na sisi ndo tunaumia.

Ubaya ni kwamba kwa Paris programu haiwezi kukushtua. Latitudo haivuki 90, longitudo inafika mpaka 180, kwa hiyo ungekuwa na ndugu Sydney, ambayo longitudo yake ni 151.2093, ungezigeuza tu programu makini ingekukatalia hapohapo. Ila namba zote mbili zikiwa chini ya 90 inapokea kimyakimya, sasa wewe ndo uwe mlinzi.

Huyo wa Kyrgyzstan kakosa alama ya kutoa, basi. New York ni 40.7128 na -74.0060. Magharibi ya Greenwich longitudo inakuwa hasi, kusini ya ikweta latitudo inakuwa hasi. Ukisahau kale kakistari mtu anavuka Atlantiki na Ulaya yote anatua Asia ya Kati. Kama programu yako inataka herufi badala ya alama basi tumia W kwa magharibi, S kwa kusini, N kaskazini na E mashariki, lakini usiweke vyote viwili, yani W na alama ya kutoa pamoja, nyingine zinachanganyikiwa. Na ukikopi kutoka kwenye kurasa zilizopambwa angalia hiyo alama ya kutoa, mara nyingine ni kistari kirefu kinachofanana nayo tu na programu haikitambui. Mi niliwahi kupoteza jioni nzima kwa kistari kama hicho, nafuta naandika nafuta naandika, kumbe kila mara napesti kilekile.

Kitu kingine, ukikuta ndugu kadhaa wamerundikana Ghuba ya Guinea hapo usihangaike na hesabu, hiyo ni sifuri kwa sifuri, maana yake kisanduku kilikuwa kitupu na programu ikajaza yenyewe.

Swali: Mzee wangu aliacha karatasi ya makaburi, imeandikwa 40°42′46″. Nikaandika 40.4246 ikakubali. Lakini pini haikai kabisa karibu na mji. Namba si ndo zilezile jamani?

Jibu: Zinafanana kwa macho tu kaka. Hapo kuna digrii 40, dakika 42 na sekunde 46, na dakika hizi ni kama za saa, ziko 60 kwenye digrii moja, siyo 100. Kwa hiyo chukua 42 gawa kwa 60 unapata 0.7, chukua 46 gawa kwa 3600 unapata kama 0.0128, jumlisha na 40, jibu 40.7128. We umeandika 40.4246, tofauti ya digrii 0.2882, na digrii moja ya latitudo ni karibu kilomita 111, kwa hiyo umelisogeza kaburi kilomita 32 hivi. Si haba!

Programu kama Gramps inakubali uandike kwa digrii, dakika na sekunde vilevile zilivyo, ukiweka alama zake sawasawa. Kama yako haikubali piga hesabu mwenyewe na kikokotoo cha simu. Halafu angalia kompyuta yako inatumia nukta au mkato kwenye desimali, kwa mfano zile zilizosetiwa Kijerumani au Kifaransa zinatumia mkato, na 40,7128 inaweza kusomwa kama namba mbili, 40 na 7128.

Nikuongezee moja kwa kuwa umetaja karatasi ya zamani. Kama namba umezitoa kwenye ramani ya zamani sana angalia pembeni imeandikwa inahesabu longitudo kuanzia wapi. Greenwich ilikubaliwa kwenye mkutano wa Washington mwaka 1884, lakini Wafaransa waliendelea na mstari wao wa Paris mpaka 1911, na ramani nyingi za Wajerumani na Waaustria zilihesabu kutoka kisiwa cha Ferro. Mstari wa Paris uko digrii 2 na dakika 20 na kidogo mashariki ya Greenwich, ukisahau kujumlisha hizo basi mtu aliyezaliwa Paris utamsogeza magharibi karibu kilomita 170. Latitudo yenyewe haina shida hiyo, ikweta ni moja kwa kila mtu.

Swali: Naomba ushauri. Babu wa babu kaandikwa kazaliwa Kristiania, sasa hivi pale panaitwa Oslo. Niandike lipi? Na namba niweke tarakimu ngapi, maana simu inanipa sita baada ya nukta na mi hata nyumba siijui.

Jibu: Hili swali nalipenda, watu wengi wanadhani namba zinachukua nafasi ya jina. Andika Kristiania, maana mji ulirudi kuitwa Oslo mwaka 1925 na cheti chake hakijui Oslo. Jina linakwambia pahali paliitwaje siku ile, namba zinakwambia ni wapi kwenye udongo, na udongo haujahama. Königsberg ikawa Kaliningrad mwaka 1946, nchi ikabadilika, lugha ikabadilika, namba ni zilezile. Kwa hiyo programu ikikupa pendekezo la kusahihisha jina liwe la leo, kataa, ila pini ipokee.

Tarakimu sasa. Mbili baada ya nukta ni kama kilomita moja, tatu ni kama mita 110, tano ni mita moja hivi. Kama unachojua ni mji tu, weka mbili. Ukiweka sita unakuwa umesema kazaliwa kwenye hili jiwe hapa, na mjukuu wako atakuja kuamini na atasafiri kwenda kulipiga picha hilo jiwe. Tarakimu tano weka kwenye kaburi ulilosimama mbele yake na simu mkononi, tena simu yenyewe inakosea mita kadhaa. Na kwenye sehemu ya maelezo andika umezipataje, "katikati ya mji" au "nimepima makaburini", neno moja mbili zinatosha.

Usishtuke pia pini ikikaa ziwani. Wadi Halfa ya zamani, mji wa Sudan, ilimezwa na maji ya bwawa la Aswan miaka ya 1960, aliyezaliwa pale pini yake lazima iwe majini na ni sahihi kabisa, usiibebe kuileta ufukweni ati ipendeze.

Swali: Nikimweka mama, ambaye yu hai, niweke na namba za nyumbani kwake?

Jibu: Weka mji tu mwanangu. Mti ukiushea na ndugu mmoja anaushea na wengine kumi, na nyumba ya mama inabaki hapo.

Swali: Nimehamia programu nyingine, majina yote yamekuja, pini zote zimepotea. Kazi ya miezi sita! Zinarudi?

Jibu: Zinarudi kama faili la zamani unalo, usilifute. Ulihamisha kwa GEDCOM, yani lile faili la kubebea mti wa ukoo kutoka programu moja kwenda nyingine, sivyo? Kwenye toleo la 5.5 hakukuwa na pahali rasmi pa kuweka namba za ramani, zilikuja na 5.5.1 ya mwaka 1999, na programu nyingine mpaka leo ukieksipoti zinakuuliza toleo gani, ukichagua la zamani pini zinabaki nyuma. Rudi kwenye programu ya kwanza, eksipoti tena kwa 5.5.1 au 7.0, halafu kabla ya kuimpoti lifungue hilo faili kwa programu ya kawaida ya kuandikia, tafuta neno LATI. Ukiliona na chini yake LONG, na namba zimetanguliwa na N au S, E au W, basi pini zimo na kama hazionekani ni huko unakozipeleka ndo hawazisomi. Usipoliona kabisa, hazijatoka. Jaribu kwanza na watu wawili watatu kabla hujabeba ukoo mzima.