Maswali Yenu: Usiku wa kwanza kwenye makao ya wazee

SWALI: Ndugu wahariri, mama yetu ana miaka 81 na hutembea kwa mkongojo. Amekubali mwenyewe kuhamia makao ya wazee. Lakini alipokaa huko siku mbili kwa majaribio, aliamka usiku, akakosa njia ya msalani, akaanguka. Sasa ameingiwa na hofu. Tumwandalieje?

JIBU: Poleni. Anzeni na kitanda. Mtu aliyeshukia upande mmoja kwa miaka mingi, akiamka gizani hufuata mazoea, na mazoea hayo ndiyo yanayompeleka ukutani. Angalieni nyumbani anashukia kulia au kushoto, na mlango wa msala uko upande gani; kisha waombeni wahudumu wapange kitanda vivyo hivyo. Akikaa ukingoni, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Kitanda kikiwa juu mno atateleza, kikiwa chini mno hatainuka. Taa ndogo iwake usiku kucha kwenye njia ya msalani, mkongojo uwe karibu na mkono, na mkeka wa pembeni uondolewe.

Kabla ya kusimama, akae dakika moja au mbili. Presha hushuka mzee anapoinuka ghafla, hasa akiwa anatumia dawa za presha. Kama anameza dawa ya kukojoza jioni, muulizeni daktari iwapo inaweza kuhamishiwa asubuhi. Safari za usiku zitapungua.

Orodha ya dawa iwe na jina, miligramu na saa ya kumeza. "Kidonge cheupe cha asubuhi" hakimsaidii mhudumu. Dawa alizoachishwa zisiingie kwenye mfuko, kwa sababu zikifika huko atapewa.

Meno ya bandia, miwani na kifaa cha kusikia viandikwe jina. Meno hupotea zaidi yakifungwa kwenye karatasi laini na kuachwa kwenye sinia la chakula: hutupwa na makombo. Mzee asiye na meno hula kidogo, na watu hudhani ni huzuni tu. Kwa hiyo apimwe uzito siku anayoingia, kisha kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Akiwa na kilo 60, kupungua kilo 3 ndani ya mwezi ni jambo la kumwona daktari.

SWALI: Baba ana ugonjwa wa kusahau. Kila nikienda kumwona husema, "Nirudishe nyumbani." Nimeshauriwa nisiende wiki mbili ili azoee. Ni sawa?

JIBU: Hapana, usimwache. Nenda mara kwa mara, hata kwa nusu saa, na ikiwezekana saa ileile. Usibishane naye wala usimwahidi "kesho", maana atakusubiri. Mwambie, "Baba, nieleze kuhusu nyumbani," huku ukichunguza kama ana njaa, amelowa au anaumwa. Mara nyingi "nyumbani" ndilo neno pekee alilobaki nalo la kusema hayo. Lakini akichanganyikiwa ghafla, kwa saa chache au siku moja, usiseme ni ugeni wa mahali. Huenda ni maambukizi, choo kigumu, upungufu wa maji au dawa mpya. Omba aonwe na daktari siku hiyohiyo.