Re: Mboji ya bei nafuu ya kupanda mbatata kwenye magunia

Salaam ndugu. Umeuliza utapata wapi mboji rahisi ya kujaza magunia manane ya mbatata hapo Likoni, maana ya agroveti inakumaliza pesa.

Kwanza angalia mchanga ulio nao. Kama ni wa ufuoni, uache, una chumvi. Mimi nilipoteza magunia mawili hivyo, majani yakaungua kingo.

Halafu usinunue mboji ya kujaza gunia zima. Mimi huchanganya debe mbili za udongo, moja ya samadi ya mbuzi iliyokaa na moja ya vumbi la makumbi ya nazi. Samadi waulize wafugaji wa mtaani. Wengi wanataka tu zizi lisafishwe, uende na magunia yako. Makumbi yaloweke na kuyasuuza mara mbili tatu, nayo yana chumvi. Samadi ya kuku ni kali, iache miezi kadhaa. Tia mkono katikati ya fungu: ikiwa bado moto au yanuka, haijaiva.

Maganda na majani ya mboga utayapata soko la Kongowea jioni, ila hayo ni ya msimu ujao, yanahitaji kuoza kwanza.

Lakini mboji si tatizo lako kubwa. Mbatata hupenda baridi, na joto letu huleta majani mengi na viazi kiduchu. Panda Mei au Juni, gunia liwe kivulini mchana. Gunia jeusi juani ni kuzipika kabla ya sufuria!