Kibodi Ikichomolewa Kitufe Kikiwa Kimeshikiliwa

Wadogo zangu mnaojifunza nami hapa Kirumba, Mwanza, kila mmoja wenu ameniletea programu ya Wii, ile mashine ya michezo ya Nintendo, ambayo mtu akibonyeza herufi moja, skrini inajaa herufi hiyo hiyo. Nawapenda, lakini uvumilivu wangu kwa kosa hili umekwisha.

Kwanza, ripoti ya kibodi, yaani ujumbe ambao kibodi huutuma kwa mashine, haisemi kwamba kitufe kimebonyezwa; inasema vitufe gani vimeshikiliwa wakati huo. Katika itifaki ya buti, ule utaratibu rahisi wa kibodi za USB, ripoti ina baiti 8: ya kwanza ni biti za Shift, Ctrl na wenzake, ya pili haitumiki, na 6 zilizobaki hubeba namba za vitufe, ambamo A ni 4, wala si 65 ya ASCII, ile orodha ya kawaida ya namba za herufi. Linganisheni ripoti mpya na iliyotangulia: namba iliyoingia ni kitufe kilichobonyezwa, iliyotoweka ni kilichoachiliwa. Zote 6 zikija zikiwa 1, kibodi imezidiwa na vidole. Itupeni ripoti hiyo.

Pili, kurudia herufi kitufe kinaposhikiliwa ni kazi ya programu yenu, na hapa ndipo nilipoumia. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandalia mama mmoja muuza dagaa wa soko la Mwaloni daftari la wadaiwa wake, kwa kuwa nyumbani alikuwa na televisheni na Wii ya watoto, hakuwa na kompyuta. Jioni moja alikuwa ameshikilia Backspace ili afute tarakimu aliyoikosea, mjukuu akapita mbio, akajikwaa kwenye waya, kibodi ikachomoka. Kibodi iliyochomolewa haiwezi kuleta ripoti ya kuachilia kitufe. Programu yangu ikaendelea kuamini kwamba namba 42, yaani Backspace, bado imeshikiliwa, ikafuta tarakimu, ikafuta jina, ikapanda mstari kwa mstari hadi ukurasa ukabaki mtupu. Na kwa kuwa niliipangia ijihifadhi yenyewe kila baada ya muda mfupi, ikaandika utupu huo juu ya faili nzima iliyokuwa kwenye kadi ya SD. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, sasa nitamdai vipi nisiyemkumbuka?" Tulikaa jioni mbili tukiyakusanya majina kutoka kichwani mwake. Yale ambayo hayakurudi, hasara ilikuwa yake na kosa lilikuwa langu, na hadi leo nikipita Mwaloni asubuhi namtafuta kwa macho nimsalimie kwanza.

Kwa hiyo kibodi ikitoka, hesabuni vitufe vyote kuwa vimeachiliwa, futeni ripoti iliyotangulia na simamisheni saa ya kurudia. Maktaba ya kibodi ya libogc, mkusanyiko wa msimbo tunaoandikia programu za Wii, huwaletea tukio la kuchomolewa. Nimekuta wanne kati yenu mmelipuuza. Na mnapohifadhi, andikeni faili mpya kwanza, kisha ndipo muiondoe ya zamani.

Tatu, bafa (vipande vya kumbukumbu vya kupokelea na kutumia data) mnazoipa IOS, mfumo wa ndani wa Wii unaoongoza vifaa vyake, zianzie kwenye mpaka wa baiti 32, yaani anwani inayogawanyika kwa 32.

Nne, taa ya Caps Lock haijiwashi; ni ninyi mnaoituma amri.

Kesho jioni leteni kazi zenu. Nitashikilia Backspace katika kila moja, kisha nitauchomoa waya.