Kwa anayeanza kuongoza mchezo wa mvuvi peke yake

Wengi wanaokuja kujifunza kuongoza mchezo huu wa kusimulia, wenye mvuvi mmoja, mtumbwi mmoja na usiku mmoja, huja na bahari kichwani. Hata hatujakaa vizuri, mvuvi anakufa kiu, papa anazunguka, maji yamekupwa. Jamani, hapa ni Mwanza! Ziwa letu ni la maji baridi. Mwenye kiu atainama achote, hata kama kesho tumbo litamsumbua. Papa hayupo, na kupwa na kujaa hutakuona. Ukitaka kumtesa mtu wako, mtese kwa vya hapa: dhoruba zinazopenda kushuka kati ya usiku wa manane na alfajiri, magugumaji yanayoziba njia ya kurudi, kiboko karibu na matete, au boti inayokuja taa zimezimwa na haisalimii. Wezi wa nyavu na injini wapo, kila mvuvi anajua.

Amua mapema kwa nini yuko peke yake. Wavuvi wa dagaa hutoka kwa kundi, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika kwa sababu taa zao hazivuti kitu. Kwa hiyo anayetoka na mshipi wake wa kuvulia usiku wa mbalamwezi, bila mwenzake, ana jambo. Labda anadaiwa na tajiri mwenye mtumbwi. Usimtungie wewe, muulize mchezaji, andika jibu lake, uliweke.

Dadu zitupwe pale tu kunapokuwa na cha kupoteza. Kupiga kafi kwenye maji tulivu hakuhitaji dadu. Sisi tunatumia mbili: katika matokeo 36, jumla ya 7 ina nafasi 6, ya 12 ina nafasi 1 tu. Ukimwambia mtu apate 11 kwenda juu, umeshamzamisha, sema tu ukweli. Anza na 7 kwenda juu akiwa na nguvu, panda taratibu kadiri anavyochoka.

Ila kinachobeba mchezo ni vitu vilivyomo mtumbwini. Mpe vichache, aviandike kwenye karatasi, na kikipotea akikate kwa kalamu yeye mwenyewe: kafi, mshipi wa akiba, kisu, kopo la kukumbia maji, tochi, simu yenye chaji kidogo. Simu mruhusu apige mara moja kabla mtandao haujakata, maana mtu aliye peke yake hana wa kuongea naye na mchezo unaweza kupoa. Kuna binti alicheza nasi Kirumba, sangara kameza ndoano, mshipi umemzunguka kidole cha shahada na unazidi kukaza. Nilimuuliza neno moja tu: kisu kiko wapi? Akatazama karatasi. Kisu kilizama alipokuwa anakata magugu. Akaanza kumbembeleza samaki kama mtu anayeomba radhi ukweni: "Legeza kidogo baba, kidogo tu, nina watoto." Dadu hazikuguswa kwa muda mrefu, na hakuna aliyezikumbuka.

Kuhusu samaki: sangara anaweza kufikia kilo 200, lakini usimpe huyo. Wa kilo 60 anatosha kabisa kuulaza mtumbwi mwembamba ubavu. Akishachoka samaki, ndipo uchungu unapoanza, maana kumpandisha peke yako ni kazi nyingine. Hapo mtajie bondo, kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa sangara. Kilo ya bondo inauzwa ghali kuliko kilo ya nyama, kila mtu mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, anajua. Ampasue majini achukue bondo, minofu yote izame? Au amfunge ubavuni amkokote hadi asubuhi, huku upepo unabadilika? Usimshauri, na usimharakishe.

Akifika mwaloni usianze kusimulia bei na mizani. Chukua lile jibu lake uliloandika mwanzo; kama ni deni la tajiri, wewe uwe tajiri, umuulize: "Umeleta nini?" Akishajibu, kusanyeni karatasi.