Fundi, kioo cha kompyuta ya ofisi kimenenepesha watu

SWALI: Fundi shikamoo. Mi ni karani kwenye ofisi moja hapa Morogoro. Wiki iliyopita kijana wa IT alikuja kupiga Windows upya kwenye kompyuta yangu, tangu siku hiyo maandishi yamekuwa makubwa kama bango la barabarani, Excel naona safu chache tu halafu picha za watu zimenenepa utadhani wote wametoka fungate. Nimeingia kwenye setingi nipunguze lakini pale pa rezolushoni pamepauka, hapabofyeki. Bosi anasema kioo kimekufa tununue kingine. Ni kweli?

JIBU: Marahaba dada. Mwambie bosi hela airudishe mfukoni kwanza. Kioo kikifa kinatoa mistari, doa jeusi, au giza tu, lakini kunenepesha watu hapana, hiyo sio kazi yake.

Hapo kilichokosekana ni draiva ya grafiki, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na sehemu ya kompyuta inayochora picha. Windows ikishapigwa upya isipoikuta hiyo draiva inatumia ya dharura, ili mradi uone kitu, na hiyo ya dharura mara nyingi inakupa rezolushoni, yaani idadi ya vitone vinavyochora picha, kama 1024 kwa 768, na huwezi kubadilisha, ndo maana pamepauka. Sasa vioo vingi vya ofisini siku hizi ni 1920 kwa 1080, yaani vipana, kwa hiyo picha iliyokaribia mraba inavutwa huku na huku mpaka ijaze kioo, na watu nao wanavutika humo humo.

Kuhakikisha, bofya kulia kile kitufe cha Start, chagua Device Manager, fungua pale pa Display adapters. Ukikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, umemkamata mwizi. Unganisha intaneti, nenda Windows Update, angalia na zile apdeti za hiari maana draiva hupenda kujificha huko. Ikikosekana nenda tovuti ya waliotengeneza mashine yenyewe, HP, Dell, Lenovo, yoyote ile, weka namba iliyobandikwa kwenye mashine watakuletea yake. Zile programu za kwenye matangazo zinazosema zitakutafutia draiva zote bure, achana nazo kabisa, nimeshasafisha uchafu wake mara nyingi mno. Kama kompyuta inadai paswedi ya admini basi muite yule yule kijana, kazi hajaimaliza bado.

Ikishakaa iwashe upya, bofya kulia kwenye eneo tupu la kioo, ingia Display settings, kwenye rezolushoni chagua ile yenye neno Recommended. Kioo kikienda giza ghafla usichomoe umeme kama nilivyofanya mi zamani, kaa mikono mapajani sekunde 15, usipokubali mabadiliko inajirudisha yenyewe.

Kitu kingine, watu wengi wanakosea hapa. Ukiona sasa maandishi yamekuwa madogo macho yanauma, USISHUSHE rezolushoni. Kioo kina idadi yake ya vitone, ukikilazimisha saizi nyingine maandishi yanakuwa na ukungu. Panda hapo hapo juu kwenye Scale, weka asilimia 125 au 150, maandishi yanakua na yanabaki makali. Mzee wangu mmoja wa uhasibu alikaa miaka na ukungu akijua macho yake ndo yameisha, kumbe Scale tu.

SWALI: Kaka, nilikuwa nafuta vumbi kwenye kibodi, kioo chote kikageuka miguu juu kichwa chini. Maus nayo ukiipeleka kulia inaenda kushoto. Niko Mombasa, bosi anarudi saa nane!

JIBU: Pole, hiyo ni njia ya mkato ya kibodi imebonyezwa na kitambaa. Shika Ctrl na Alt pamoja halafu bonyeza mshale wa juu. Mashine nyingi za zamani zenye grafiki za Intel zinarudi papo hapo. Ikigoma ingia Display settings, pale pa Display orientation rudisha Landscape. Maus ikikushinda pindua monita yenyewe juu chini kwa muda, nasema kweli, si utani, ndo njia rahisi.

SWALI: Laptopu ya ofisi tuliichomeka kwenye projekta ya mkutano, kuchomoa tu kioo chake kikabaki cheusi. Taa inawaka.

JIBU: Kuna mtu alichagua picha ionekane kwenye projekta peke yake. Bonyeza kitufe cha Windows na P, kisha P tena, halafu Enter, rudia mpaka kirudi. Bado? Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, grafiki itaamka upya, utasikia mlio mdogo.

SWALI: Kioo cha mapokezi kimekuwa cha njano chote. Nimezima ile Night light ya Windows inayofanya kioo kiwe cha njano usiku, bado.

JIBU: Bonyeza kitufe cha monita yenyewe, kile cha chini ya kioo, itokee menyu yake. Menyu hiyo inachorwa na monita bila kuitegemea kompyuta, kwa hiyo kama yenyewe rangi zake ziko sawa basi monita ni nzima, tatizo ni waya au kompyuta. Kama ni ule waya wa VGA wa bluu, wenye vijiti 15, basi kuna kijiti kimepinda au umelegea. Rangi ya bluu ikipotea, nyeupe inageuka njano, na ikipotea kijani unapata zambarau. Zima, chomoa, angalia vijiti, kilichopinda kinyooshe taratibu na ncha ya kalamu, rudisha, kisha kaza zile skrubu mbili za pembeni kwa vidole tu, bisibisi iache kwenye droo.