Maswali na Majibu: Molasi, Hamira na Ethanoli

*Nimetia hamira kwenye molasi, siku mbili zimepita na haijachachuka. Je, hamira ni mbovu?*

Swali hili hunifikia kila mara, na kila mara muulizaji hasemi alizimua kwa maji kiasi gani. Molasi ya kiwandani, yaani uji mzito unaobaki sukari ikishatolewa kwenye maji ya miwa, huwa na yabisi yapata asilimia 80, kwa hiyo sukari na chumvi zake hunyonya maji kutoka kwenye seli za hamira hadi zikasinyaa. Izimue ifike Brix (asilimia ya yabisi yaliyoyeyuka) 20 hadi 25, shusha pH, yaani kipimo cha asidi, iwe kati ya 4.5 na 5, ongeza urea kidogo iwe chakula cha hamira, na joto lisivuke nyuzi 35. Povu likitulia mapema na harufu ikawa ya uchachu wa maziwa, ujue bakteria wa asidi ya laktiki wameingia. Safisha matangi kabla ya kununua hamira nyingine.

*Kwa nini tusitumie Zymomonas mobilis, ambaye ni mwepesi kuliko hamira?*

Bakteria huyu kwenye glukosi ni mwepesi kweli. Kwenye sukari ya miwa hupoteza sehemu ya sukari hiyo kwa kutengeneza levani na sorbitoli badala ya ethanoli, yaani pombe yenyewe, na chumvi za molasi humlemea.

*Makapi ya miwa nayo yanatoa ethanoli?*

Yanatoa, ila kwanza selulosi ivunjwe kwa vimeng'enya, na hamira ya kawaida haiwezi kuchachusha zailosi, sukari nyingine iliyomo.

*Nikikeneka mara tatu nitapata ethanoli ya kuchanganya na petroli?*

Hapana, hata ukikeneka, yaani kuchemsha na kupoza mvuke, mara kumi. Kwa njia hiyo ethanoli hukwama kwenye asilimia 95.6 kwa uzito, na maji yaliyobaki huondolewa kwa chujio za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo vinavyonasa maji. Mchanganyiko ukipata maji ya kutosha, ethanoli hujitenga na petroli na kuzama chini ya tangi.

*Tani 1 ya molasi itanipa lita ngapi?*

Ikiwa nusu yake ni sukari, lita 250 hivi. Ninasikitika kwamba hakuna aliyeuliza kuhusu vinasi, yaani maji ya kahawia yanayobaki chini ya mtambo, ambayo ni lita 10 hadi 15 kwa kila lita ya ethanoli. Yakimwagwa mtoni yakiwa moto na yenye asidi, vijidudu wanaoyaozesha humaliza oksijeni na samaki hufa. Yapitishe kwanza kwenye mtambo wa biogesi, kisha, kwa kuwa yana potasiamu nyingi, yarudishe shambani kwa kipimo, maana yakizidi huharibu udongo. Asiye na mahali pa kuyapeleka asianze kuchachusha.