Seti ya kitanda cha mtoto: nunua shuka, acha mito

Dada, hiyo seti unayouliza, yenye kimto, duveti na vile vigodoro vya kuzungushia pembeni, iache. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja uso ukizama kwenye kitu laini anaweza kukosa nguvu ya kujinasua, na huenda hata asilie. Marekani walipiga marufuku kuuza vigodoro hivyo vya pembeni mwaka 2022.

Hela weka kwenye godoro. Libonyeze kwa kiganja: lisiporudi haraka, hilo ni laini mno. Pengo kati yake na mbao lisizidi vidole viwili. Juu yake tandika shuka moja la pamba lenye lastiki, likaze pande zote. Nunua matatu, maana atacheua na kukojoa usiku. Neti iwe nje ya mbao, ikazwe, isimwangukie usoni.

Mlaze chali kila mara, hata mchana. Kama Arusha sasa hivi ni baridi, mvalishe nguo ya kulalia yenye miguu, blanketi lisubiri. Kisha mguse shingoni. Ukikuta jasho, mpunguzie nguo moja.